Mmiliki Ameshaarifiwa

Wiki iliyopita mliniacha kwenye kochi la wakwe zangu, macho yamenitoka, nikitazama ukuta. Nitarudia kwa ufupi kwa ajili ya yule aliyefungia karanga gazeti kabla hajalisoma, ingawa kila nikirudia naona aibu upya.

Mimi ni fundi makochi. Mtaani wananiita Sponji. Miezi mitatu iliyopita wakwe zangu walikwenda harusini pamoja na mke wangu, wakaniachia nyumba niilinde. Nikakaa kwenye kochi nililolivalisha kwa mikono yangu mwenyewe, sponji nzito, springi mpya, nikawasha TV ya baba mkwe. Nililala mbele ya TV, nikaamka mbele ya ukuta.

Mlango haukuvunjwa. Dirisha halikuguswa. Mwizi alichomoa waya taratibu, akauviringa vizuri, akachukua na rimoti iliyokuwa juu ya tumbo langu.

Hiyo rimoti ndiyo iliyonimaliza. Mtu akiibiwa TV watu humpa pole. Mtu akiibiwa rimoti juu ya tumbo lake mwenyewe, watu hucheka kwanza, halafu huanza kujiuliza maswali.

Na baba mkwe si mtu wa kucheka. Alitunza stoo ya kiwanda miaka thelathini na moja, na kwa kauli yake hakuwahi kupoteza hata skrubu. Mpaka leo mtaa mzima unamwita Mzee Stoo. Nyumbani kwake kila kitu kina boksi lake, kila boksi lina karatasi zake, na kila karatasi ina faili. Mzee wa namna hiyo ukimwambia kitu kimepotea tu, chenyewe, umemtukana.

Hukumu ilitoka siku ileile. Mke wangu angekaa kwao mpaka TV irudi. Si TV ya kuokoteza, bali TV ndani ya boksi lake, yenye waranti hai. Na waranti yenyewe isiwe ya mdomo, maana waranti ya mdomo, alisema, huisha muuzaji akifunga mdomo.

Nilimtazama mke wangu nikitegemea atanitetea. Akatazama sakafu. Kesho yake akaja nyumbani kwetu kuchukua nguo, akasema ni kwa muda tu. Akakunja gauni, akakunja sketi, akakunja na shuka. Mtu anayeondoka kwa muda habebi shuka.

Miezi mitatu nimelala juu ya godoro tupu. Mnisamehe kulisema hili gazetini, lakini nilimkosa mpaka nikaanza kukosa hata ugomvi wake wa kunikataza kuacha sindano kitandani.

Sasa sikilizeni nilivyojipalia makaa.

TV ya dukani sikuiweza, kwa hiyo nikaenda kwenye soko la mtandaoni. Simu yangu ya kioo, mnakumbuka, ilizama kwenye ndoo ya gundi katika ile sehemu ya tatu, nikabaki na kasimu ka tochi. Ikabidi nitumie simu ya fundi cherehani aliyepanga chumba cha jirani na karakana yangu mwezi uliopita. Tunamwita Pindo. Ni mtu mzuri, ila ni mkweli sana kwa mambo yasiyomhusu.

Tuliiona siku ya pili. Inchi arobaini na tatu, kama mpya, boksi lake, rimoti yake, kitabu chake. Muuzaji alijiita Utulivu Elektroniki. Picha zilikuwa safi, TV imesimama juu ya meza, na nyuma yake zinaonekana trei za mayai hadi dirishani.

Nikaona hilo neno "kama" ni dogo, baba mkwe hatalisikia.

Mimi nikasema, Pindo akaandika. Muuzaji naye alikuwa na maswali kuliko sisi. Aliuliza TV itakaa wapi. Kabla sijafungua mdomo, Pindo ameshaandika kwamba itakaa kwa mzee mmoja mstaafu.

Pindo akatuma. Kisha likaja jibu: "Sikushauri. Mzee mstaafu mnunulie jembe."

Tukajirudi haraka, tukasema tulikosea, TV itakaa kwenye chumba cha wateja wa cherehani. Muuzaji akauliza kama humo ndani kuna mama yeyote anayeumwa kichwa. Tukaapa kwamba hakuna. Nimenunua vitu vingi maishani, lakini sijawahi kufanyiwa usaili kama ule.

Nikamwambia Pindo aulize lile lililo kubwa, yaani waranti.

Muuzaji akajibu: "Waranti ipo, na imesajiliwa kabisa. Umeelewa? Vizuri."

Imesajiliwa kabisa. Niliposikia hivyo nikapiga meza kwa furaha. Mtu ameshanifanyia kazi ya kusajili na mimi hata mfuko sijaugusa. Imesajiliwa kwa jina la nani? Hilo swali, ndugu zangu, halikunijia. Lingenijia, leo ningekuwa nimelala juu ya shuka.

Boksi likaletwa na pikipiki Ijumaa asubuhi. Kwa ndani, kwenye kifuniko, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: USITUPE. Nikasema moyoni, huyu muuzaji ni mwangalifu, watu wa hivi wamebaki wachache.

Tukaiwasha, ikawaka. Nilitaka niibebe saa ileile hadi kwa wakwe, lakini Pindo akanishika mkono. Akanikumbusha kwamba huko mtandaoni mtu anaweza kukuuzia mbuzi ndani ya gunia ukafika nyumbani ukakuta paka. Akasema waranti haiaminiwi, hukaguliwa. Kwenye kitabu cha TV kulikuwa na namba ya kampuni: unatuma ile namba ndefu iliyo mgongoni mwa TV, unatuma na jina lako, wanakujibu kama waranti iko hai au imekufa.

Mimi maishani sijawahi kusoma maelezo ya kitu chochote, hata dawa. Lakini siku hiyo nilijiapiza nitakuwa makini. Nikamsomea Pindo namba mara mbili. Nikampa majina yangu yote matatu, na mtaa, na kazi yangu, ili waranti inifahamu vizuri.

Jibu likaja kabla hajaiweka simu chini: "Waranti iko hai. Imebaki miezi tisa. Mmiliki ameshaarifiwa."

Pindo akasoma mara ya pili. "Mmiliki ni nani?"

"Si mimi?"

"Haya. Umeshaarifiwa?"

Nikakagua kasimu kangu. Hakuna kitu. Nikamwambia mtandao uko chini, tusubiri.

Tukasubiri. Nilikaweka kasimu juu ya kochi la mteja, nikawa nakigongomelea kiti misumari huku nakatupia jicho. Haikupita nusu saa kakalia. Alikuwa baba mkwe.

Miezi mitatu alikuwa hajanipigia. Nikasimama wima, nyundo mkononi, kama vile ananiona, nikamwamkia. Hakuitikia.

"Kesho saa nne asubuhi," alisema. "Njoo na TV."

"Baba, umejuaje?"

"Nimearifiwa."

Akakata.

Nikamgeukia Pindo nikamkumbatia na nyundo yangu. Nikamwambia yamekwisha, nimesamehewa, mke anarudi. Pindo akakuna kichwa, akauliza kampuni imeipataje namba ya mkwe wangu. Nikamwambia mtu mwenye furaha hajiulizi mambo ya namba. Jioni nikafua foronya.

Jumamosi saa nne kasoro nikashuka na boksi mlangoni kwa wakwe. Begani nilikuwa na mkoba wangu wa zana, maana nilipanga nikimaliza kusifiwa nilikaze kochi lao springi moja iliyolegea. Mkoba wenyewe niliushona mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kwa mabaki ya kitambaa cha kochi hilohilo, cha kahawia chenye maua makubwa. Nilishona miwili: mmoja wa zana zangu, mmoja wa vitabu vya mke wangu, ambaye ni mwalimu wa chekechea. Siku nilipompa alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema tutaonekana kama viti viwili vinavyotembea. Lakini anaubeba mpaka leo.

Sikukaribishwa kwenye kochi. Katikati ya sebule kiliwekwa kiti cha plastiki. Kochi nililolivalisha mwenyewe likaachwa tupu upande wa pili, kama shahidi. Nikatundika mkoba mgongoni mwa kiti, nikakaa. Kiti cha plastiki ukikikalia kwa woga hulia.

Mama mkwe alitokeza kutoka jikoni akifuta mikono. Macho yake yakafika kwenye boksi. Akashika mlango. Nikamwamkia kwa adabu zangu zote, akaitikia kwa sauti ya mtu aliyemezeshwa kidonge bila maji, akarudi jikoni.

Mke wangu akaingia mwisho, akitoka shuleni alikokwenda kupanga vitabu. Hakunisalimu. Lakini alipopita akatundika mkoba wake mgongoni mwa kiti changu, juu ya wangu, kama alivyozoea nyumbani, akavuta kigoda akakaa kando yangu. Moyo wangu ukafanya paa. Nikajisemea, mkoba umerudi, mwenye mkoba hawezi kuwa mbali.

Nikasimama, nikatoa hotuba. Nilikuwa nimeikariri kwa Pindo mara nne. Nilisema mkono mtupu haulambwi. Nilisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nilisema nimeleta TV, na si TV tu, nimeleta waranti hai, iliyokaguliwa, yenye miezi tisa mbele yake, na kwamba mwanamume wa leo hanunui kitu mtandaoni mpaka amekikagua. Baba mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua faili.

"Soma namba iliyo mgongoni mwa hiyo TV."

Nikaitoa kwenye boksi, nikaigeuza, nikapiga goti. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji. Tano. Sifuri. Sifuri. Nane. Baba mkwe alikuwa na kadi mkononi, na kila nikisoma, kalamu yake ilisogea mbele hatua moja. Mbili. Mbili. Tisa. Nikafurahi kuona anavyonifuatilia. Moja. Sita. Nikainua macho nimwone mke wangu anavyojivunia mumewe. Alikuwa ameshika paji la uso. Saba.

"Nne," alisema baba mkwe.

Nikatazama. Kweli, ya mwisho ilikuwa nne.

"Baba, na wewe umekwisha kuikagua?"

Akakigeuza kifuniko cha boksi, akaliangalia lile neno USITUPE, akaniangalia mimi.

"Huo mwandiko ni wangu," alisema. "TV niliinunua mimi. Kadi niliisaini mimi. Ilipoibwa nikaiandikia kampuni kwamba popote itakapoulizwa, niarifiwe. Na jana wameniarifu kwamba kuna mtu, fundi makochi, wa mtaa fulani, ametoa majina yake yote matatu anauliza kama waranti yangu bado iko hai."

Nikabaki pale chini, nimepiga goti mbele ya TV kama mtu anayeiposa.

Kwa macho ya mzee mambo yalikuwa yamenyooka. Niliiba TV, nikaificha miezi mitatu, sasa nimeirudisha kifua mbele ili nilipwe mke. Alisema wezi amewaona wengi stoo, lakini mwizi wa kuleta mzigo pamoja na hotuba hajawahi. Akasema saa sita atakuwa polisi, na jioni ataniletea talaka niisaini, maana binti yake hataishi na mtu wa hivyo.

Nilimgeukia mke wangu nikamwambia niliinunua, nakuapia. Hakushtuka, hakulia. Nikadhani amenizoea.

Baba mkwe alikuwa mtu wa haki, hilo nampa. Alisema stoo kila mzigo una aliyeuleta, na mimi nina nafasi moja ya kumtaja aliyeuleta huu. Nikasema ni muuzaji wa mtandaoni, namba yake iko kwa fundi cherehani. Akaniambia nimpigie palepale, na nikimaliza kasimu kangu kakae mezani, mbele yake, nisije nikafuta kitu.

Pindo akapokea. Akasema anampima suti mteja mnene na mkanda hautoshi, akimaliza tu atatuma namba. Nikamwambia ni suala la kufa na kupona. Akasema hata suti ni hivyohivyo, harusi ni leo.

Nikarudi kwenye kiti changu, kasimu katikati ya meza. Ndipo mama mkwe akaita kutoka jikoni. Alisema gesi imeisha chai haijachemka, niende nikamwinulie mtungi.

Nikamwomba baba mkwe ruhusa kwa macho. Akakunja uso, lakini chai ni chai, akaniachia.

Jikoni mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, anapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Nikainua mtungi mpya.

"Mwanangu," alisema, "ile TV niliiuza mimi."

Nikautua mtungi juu ya kidole changu cha mguu. Maumivu niliyasikia baadaye kidogo, yalikuwa kwenye foleni.

Alisema haraka, kwa sauti ya chini, bila kugeuka. Siku ya harusi alirudi nyumbani kuchukua kitambaa cha kichwa alichosahau, akanikuta ninakoroma. Rafiki yake, muuza mayai, alikuwa nje na gari. Wakachukua TV, wakachukua na boksi stoo. Rimoti ndiyo iliyomtoa jasho, maana nilikuwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

"Lakini kwa nini, mama?"

"Tangu astaafu ananitazama wakati wa matangazo tu," alisema. "Mwaka mzima. Nikipita mbele ananiambia nipishe, naziba. Umeme ukikatika ndiyo ninakuwa na mume." Akaweka kikombe kimoja juu ya kingine. "Miezi hii mitatu tumeongea. Juzi ameniuliza kama goti bado linauma. Hilo goti lina miaka sita."

Nikaushika mtungi. Nikamuuliza tu, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwa nini aliniacha nibebe lawama.

"Nilitaka kusema siku ileile," alisema. "Halafu nikaona umeshaanza kuomba msamaha, nikaona nisikukatishe."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa na hasira, na hasira juu ya mama mkwe ni mzigo ambao huna pa kuutua. Miezi mitatu nimeitwa mlinzi wa usingizi, nimeitwa mwizi mlangoni mwa kinyozi, na mwenye jibu alikuwa hapa anapanga vikombe. Nikamuuliza aliwezaje kuuza mtandaoni na simu yake ya batani, yeye ambaye hata ujumbe wa salamu husomewa.

"Hayo usiniulize," alisema. Ndipo akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Akijua ni mimi, hataniuliza tena habari za goti. Wewe ni kijana, utapata njia. Mimi sina njia nyingine."

Nikafunga mtungi. Nikawasha jiko. Nikarudi sebuleni nikichechemea, nikakaa kwenye kiti changu.

Hali yangu sasa ilikuwa hivi. Nikisema ukweli, namchukua mke wangu leo, na nyuma yangu naacha ndoa ya miaka thelathini na mbili imevunjika vipande. Nikinyamaza, mama mkwe anabaki na mume wake, na mimi nakwenda polisi bila mke. Yaani nyumba moja ndiyo ingebaki imesimama, na nyundo nimepewa mimi.

Nikaomba mteja wa Pindo aendelee kunenepa.

Hakuendelea. Kasimu kakalia mlio wa ujumbe juu ya meza. Nikanyoosha mkono, baba mkwe akaufunika kwa wake. Akavaa miwani. Akainakili ile namba kwenye simu yake, tarakimu kwa tarakimu, midomo ikitembea, kama anayepokea mzigo getini.

Mke wangu akasema, "Baba, tuache kwanza tunywe chai."

"Chai haitoroki," alisema baba mkwe, akabonyeza.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nikatazama simu yake ya batani, ilikuwa imelala juu ya kabati la vyombo. Nikaikazia macho, nikaingoja ilie. Nilikuwa nimeshachagua uongo wangu: ikilia tu, nitasema niliiazima.

Haikulia.

Kitu kikaanza kutetema mgongoni kwangu. Kikatetema mara moja, mara mbili, kisha kikalia, mlio wa kengele ndogo kama ya shule.

Baba mkwe akasimama, simu bado iko sikioni. Akaizunguka meza polepole akiufuata mlio, akapita mbele ya TV bila kuitazama, mpaka nyuma ya kiti changu. Pale palikuwa na mikoba miwili ya kitambaa kimoja, cha kahawia chenye maua makubwa, zipu zimefungwa, mmoja umelalia mwingine.

Mama mkwe hakunitazama mimi. Alimtazama binti yake, akaliweka sinia sakafuni.

Ndipo nikaelewa. "Umeelewa? Vizuri." Nimeishi na mwalimu wa chekechea miaka saba, nimesomewa maneno hayo na Pindo mara kumi, na sikuisikia sauti ya mke wangu ndani yake. Yeye ndiye Utulivu Elektroniki, kwa laini ya pili ambayo mimi na baba yake hatukuijua. Alijua sikuiba. Alijua alipotazama sakafu, na alijua alipokunja shuka.

Niliumia. Sitafanya mzaha hapo. Mama mkwe kuniacha nibebe lawama ni jambo moja. Lakini huyu ndiye niliyekuwa nikimwapia, na kila nikiapa alikuwa na jibu mkobani.

"Simu iko kwenye mkoba huu wa juu au wa chini?" aliuliza baba mkwe. "Na ni mkoba wa nani?"

Yeye hakuwa akijua upi ni upi. Nani angejua, zaidi ya aliyeishona?

Kutoka kwenye kigoda mkono wa mke wangu ukanishika kwenye mkunjo wa shati. Miezi mitatu nimeuombea mkono huo urudi, na sasa umerudi namna hii.

"Nauliza mara ya mwisho," alisema baba mkwe. "Wa nani?"

Simu iliendelea kulia. Nikamsikia mke wangu akivuta pumzi ya kutaka kusema, na vidole vyake vikazidi kukaza. Na mimi, niliyemwapia kila mtu mtaani kwamba sikuiba kitu, nikasimama, nikafungua zipu ya mkoba wa juu kana kwamba ni wangu, nikatia mkono.